Kutembea kwa mguu Tendaguru mwezi wa kumi: maji kiasi gani, tuondoke saa ngapi?

mtoto_wa_chikongola

Wakuu habari za jioni, hasa nyie wa kusini. Tuna kikundi chetu hapa Mtwara mjini watu nane, wengi kazi zetu ni za kukaa kwenye kiti, jumamosi huwa tunatembea mpaka Mikindani kupunguza vitambi. Sasa mmoja kaja na wazo twende Tendaguru, kule alikotolewa yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyeko Berlin, watu wamelipokea kwa shangwe mpaka fulana zimeshaanza kuchangiwa kabla hata hatujajua njia. Plani ilivyo ni gari mpaka kijiji cha mwisho, tunalala hapo, asubuhi tunaingia porini kwa mguu, tunaona kilima na sehemu walizochimba, tunazunguka zunguka, jioni tunarudi. Jumla kama kilomita 20 ndani ya siku moja.

Kinachonisumbua ni mwezi. Nafasi ya wote imepatikana mwezi wa kumi tu na mwezi wa kumi wa huku kila mtu anaujua, mvua bado, nyasi zimeungua, miti mingi imepukutisha na ile iliyoanza kuchipua vijani vyekundu kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Nimejaribu kusoma mtandaoni ushauri wa watembeaji wa majangwani, Arizona huko na Oman, naona kila mtu anasema lake, huyu lita nne, huyu lita moja kila saa, mwingine anasema maji mengi nayo yanaua, nimebaki njia panda. Huku si jangwa najua, lakini jua si lile lile?

Naomba kujuzwa maji ni kiasi gani kwa kichwa, tuondoke saa ngapi, na mtu akizidiwa katikati ya pori hakuna gari wala netiweki tunafanyaje. Habari za simba na nyoka kila mtu ananipa, sizikatai, ila mimi ninachoogopa ni mtu wetu kuanguka kwa joto, hasa mama mmoja mtu mzima tuliye naye kwenye kikundi. Natanguliza shukrani.

korosho_daraja_la_kwanza

Mnaenda shamba au mnaenda mwezini? Bibi yangu alikuwa anatoka Rondo juu anashuka bondeni na kapu kichwani, anauza, anapanda tena, maji anakunywa akifika. Na hiyo Tendaguru yenyewe Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, mifupa zaidi ya tani 200, yote ikabebwa na wazee wetu kwa mabega na vichwa mpaka bandari ya Lindi, hakukuwa na ORS wala buti za laki mbili. Watu wa mjini mnapenda kujidekeza. Kila mtu chupa yake moja kubwa, kofia, twende kazi.

nesi_masasi

Kaka Korosho nakuheshimu ila hesabu yako mwenyewe inakukana. Wale wapagazi walikuwa wanatumia siku nne kutoka Tendaguru mpaka Lindi. Ni kama kilomita 60 na kitu, gawanya kwa nne unapata 15 na ushee kwa siku, na hao ni watu waliokuwa wanatembea na kubeba mizigo maisha yao yote. Hawa wa Chikongola wanataka 20 kwa siku moja na wametoka kwenye kiti cha ofisini. Mwili kuzoea joto sio hadithi, unachukua kama wiki moja mpaka mbili za kujishughulisha juani kila siku, hapo ndio unaanza kutoa jasho mapema na jasho lenyewe linapoteza chumvi kidogo. Bibi yako alikuwa na mwili huo. Na bibi alikuwa anatoka alfajiri, hilo naona hukulisema.

Mleta mada, maji. Kwenye joto na mwendo mtu mzima mwekee nusu lita mpaka lita moja kwa saa, kwa hiyo mkitembea saa tano sita ni lita nne au tano kwa kichwa, na ndiyo, ni kilo nne tano mgongoni, hakuna maji mepesi. Yanywewe kidogo kidogo njia nzima, isiwe mtu anakaa mkavu mpaka saa nne halafu anashusha chupa nzima kwa mkupuo. Na kubana maji eti yasiishe ni ujinga, watu wanaokotwa wamezimia na chupa ina nusu, maji yanasaidia yakiwa tumboni. Aliyesema maji mengi yanaua naye hajakosea ila wanamsikia vibaya: mtu akinywa maji matupu lita juu ya lita bila kula kitu chenye chumvi, sodiamu kwenye damu inashuka, kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, wenzake wanadhani kakaukiwa wanazidi kumnywesha, ndio wanammaliza. Lita moja na nusu kwa saa usipitishe hata iweje, na katikati kuleni. Ming'oko, vile viazi pori vya huku, ya kuchemsha na chumvi haina mpinzani, karanga, korosho za chumvi, chochote. Bebeni pakti za ORS, pakti moja kwa lita moja ya maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vijiko vya kusawazisha sio vya mlima.

Sasa mtu kuzidiwa, hapa someni polepole. Akilalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza, jasho linamtoka sana lakini anaongea vizuri na anajua yuko wapi, huyo kachoka na joto. Kivulini, mlegezeeni nguo, miguu juu, mlowesheni maji, anywe ORS taratibu, na safari yake ya kwenda mbele imeisha siku hiyo, asije mtu akamwambia jikaze. Ila akianza kuongea visivyoeleweka, anayumba kama mlevi, anagombana na watu bila sababu, au kazimia, hicho ni kiharusi cha joto, mwili umepita nyuzi 40 na ubongo unapikwa. Wengi wanasubiri waone ngozi imekauka ndio waamini, si lazima, anaweza kuwa analowa jasho vile vile. Hapo hamna kubeba mtu kukimbilia gari lililoko kilomita nane, POZENI KWANZA HAPO HAPO ALIPO. Vua nguo, mwagia maji yote mliyonayo yasiyohitajika kunywewa, mfunikeni kanga mbichi mpepee watu wawili watatu kwa nguvu bila kuacha, kanga ikipata moto mnalowesha tena. Asiyejitambua usimpe kitu mdomoni. Panadol haisaidii joto la namna hii. Mwingine wakati huo huo anakimbilia mahali penye netiweki apige simu, huyo mtu lazima afike hospitali hata kama amezinduka na anacheka.

korosho_daraja_la_kwanza

Dada nesi hapo kwenye siku nne umenikamata, nilikuwa sijazigawa 😂 ila kwenye buti za laki mbili sirudi nyuma.

mlindi_wa_maskati

Salaam, mimi mtoto wa Lindi, Mikumbi, ila mkate wangu niko huku Oman, na ijumaa huwa tunapanda milima na wenyeji na Wahindi fulani wanaojua njia, kwa hiyo hili la jangwa nalijua kidogo.

Umeuliza jua si lile lile. Jua lile lile, hewa ndio tofauti, na hiyo tofauti ina maana yake. Ukienda ndani huku upande wa Nizwa hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, nguo kavu, unajiona uko poa kumbe unamwaga lita, ndio maana watu wa jangwani wanahimizana kunywa kabla ya kiu. Huko kwetu kuna unyevu wa bahari, jasho linatoka linadondoka tu halikauki, na jasho lisilokauka halikupozi. Yaani nyuzi 32 za Lindi zinaweza kukuchosha kuliko namba kubwa zaidi ya pakavu. Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani alitembea Arizona kwenye nyuzi 38 akarudi salama usijipe moyo kwa hilo. Huko kwenu kupepewa na upepo ni muhimu kama maji, mkipumzika tafuteni kivuli chenye upepo, sio kichaka kizito kilichojifunga, mle ndani unapikika.

Muda ndio kila kitu na hapa wala simung'unyi maneno. Huku serikali inakataza kazi za nje juani saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu, mwezi wa sita mpaka wa nane, na hao ni mafundi waliozoea. Milimani watu hawaendi kabisa kiangazi, msimu wa kutembea ni kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa tatu. Kule Grand Canyon Marekani askari wa hifadhi wanawaambia wageni wasiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ukitoa hizo saa kwenye siku yako unabaki na asubuhi fupi na jioni fupi, kwa hiyo kilomita 20 zenu hazitoshei humo, punguzeni, sio mjikaze. Sisi tunakuwa njiani kabla jua halijachomoza na saa nne tumeshakaa chini ya mwamba tunapika chai.

Maji tunayagawa mafungu matatu, fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la tatu halina mwenyewe, hilo ni la balaa. Fungu la kwanza likiisha mnageuka hata kama kilima mnakiona kwa macho. Na mnakubaliana saa ya kugeuka mkiwa bado kijijini, maana mkishafika kule kila mtu anataka apige picha moja ya mwisho.

Nguo, muangalie Mwarabu, kanzu ndefu pana nyeupe, hatembei na singlendi. Mikono mirefu, kitambaa chepesi kisichobana, kofia ya ukingo mpana au kilemba, shingo ifunikwe. Fulana zenu mnazochangia kama ni nyeusi za poliesta zinazobana hizo ni za kupigia picha kijijini basi.

Na kitu kimoja ambacho watu hawakitegemei jangwani, maji ya mafuriko. Huku mabonde makavu tunaita wadi, mvua inanyesha mlimani mbali huko wewe uko kwenye mchanga jua linawaka, ghafla ukuta wa maji huo. Watu wanakufa kwa maji jangwani. Kwenu mwezi wa kumi mvua kwa kawaida bado lakini mkisogeza safari mpaka wa kumi na moja na mawingu yameanza bara, msilale wala kupumzika ndani ya korongo au kwenye mchanga wa mto.

mwera_wa_bondeni

Nimewasoma wote, sasa mnisikilize na mimi niliyezaliwa huku huku bonde la Mbwemkuru.

Kwanza mkifika kijijini mnapita ofisi ya kijiji, mwenyekiti na mtendaji, mnajitambulisha, mnasaini kitabu, mnapewa kijana wa kuwaongoza, mnamlipa mnachokubaliana. Sio suala la adabu peke yake. Njia za huku mwezi wa kumi zinadanganya, nyasi zikishachomwa kila mahali panaonekana njia, ng'ombe wamepita, wachoma mkaa wamepita, mbao zimepita, wewe na ramani yako ya kwenye simu unafuata njia safiii inaishia kwenye tanuri la mkaa. Kijana wa kijijini anajua ipi inakwenda wapi na anajua kisima kipi bado kina maji mwaka huu, hicho kitu hakimo kwenye simu ya mtu. Na mkubaliane naye kabisa kwamba akisema turudi mnarudi, maana nimeona wageni wanamlipa mtu halafu wanambishia.

Pili hilo la kutoka gizani kukwepa jua, mlindi wa Maskati milima yenu haina tembo. Huku kiangazi maji yakibaki sehemu chache kila mwenye kiu anakwenda pale pale, tembo wanatembea usiku mpaka alfajiri, na ndio njia hiyo hiyo ya watu. Ondokeni kukipambazuka, uone mti na mti mwenzake, saa kumi na mbili kasoro hivi kuna mwanga wa kutosha. Jioni jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache, na kwetu hakuna kujivuta vuta, giza linashuka mara moja, kwa hiyo saa kumi na moja muwe mmeshaona paa la nyumba. Mkikuta kinyesi cha tembo kinatoa moshi simameni, sikilizeni, zungukeni mbali na upepo usitoke kwenu kwenda kwake. Mnatembea wote pamoja, mwenye mwendo wa polepole ndio anatangulia nyuma ya kiongozi, mkimuweka mwisho mtampoteza, tena yule mama mnayemuogopea ndio mumuweke hapo.

Maji ya mtoni huku mtu anafukua mchanga anachota. Yanafaa, ila mchuje kwa kitambaa kwanza na muyatibu kwa vidonge au muyachemshe, usinywe tu kwa sababu yanaonekana meupe. Kama mnaweza, bodaboda ipeleke madumu mawili ya lita ishirini siku moja kabla mpaka pikipiki inapofika, mwenyeji ayafiche kichakani, hapo mgongo wa kila mtu utakuwa umepona.

Moto. Huu ndio mimi nausema kuliko tembo. Mwezi wa tisa wa kumi watu wanaandaa mashamba, wawindaji nao wanawasha, upepo wa mchana ukishika unakimbia kuliko wewe. Mkiona moshi mwingi upande upepo unakotoka msisubiri kuona mwali, ingieni sehemu iliyokwisha kuungua, pale hapana cha kuungua tena. Usikimbie kupanda kilima, moto unapanda mlima haraka kuliko mtu. Na sigara zenu zibaki kijijini tafadhali.

Nyoka mleta mada umesema sio hofu yako ila nitasema kidogo, kifutu halikimbii, linalala njiani rangi ya majani makavu na watu wengi wanalikanyaga. Kiatu cha kufunika kifundo, suruali ndefu, usikalie gogo bila kuligonga. Ukigongwa nesi atasema, mimi najua tu hatuchanji wala hatufungi kamba siku hizi.

Mwisho uraka, pombe yetu ya mabibo. Kipindi hicho mabibo yameanza na mtakaribishwa, ni ukarimu wetu. Kunyweni mkisharudi. Uraka saa mbili asubuhi halafu jua la saa sita, hapo hata mimi mwenyeji naanguka.

Na msiokote mfupa. Utakuta vipande chini vinang'aa kama mawe, viacheni, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964 na sisi wenyewe tumechoka kuona vitu vinaondoka tu huku.

newala_juu

Naongezea jambo moja la milimani maana naona mnalipita. Hapa Newala tuna Shimo la Mungu, wageni wanafika asubuhi kuna baridi nzuri ya juu, wanaona bonde lile chini mpaka upande wa Ruvuma, wanashuka kwa nyimbo. Kushuka hakuna shida, mguu unakwenda wenyewe. Chini kuna joto kuliko juu, wakigeuka ni saa sita, maji nusu yameshanywewa, na sasa ndio wanaanza kupanda, sehemu ngumu ya safari wameiweka saa mbaya ya siku na miguu iliyochoka. Mlima wa kawaida ukichoka unageuka unashuka, huu wa kushuka kwanza ukichoka ndio kwanza deni linaanza. Tendaguru ni kilima sio shimo najua, ila angalieni njia yenu kama kuna korongo la kushuka wakati wa kwenda, maana hilo mtalipanda wakati wa kurudi, na watu wa kikundi huwa wanapima safari kwa kwenda tu.

Halafu na simu, netiweki ikiwa ya kutafuta betri inaisha haraka sana, wekeni hali ya ndege, simu moja tu iwe inaangaliwa kila mkipanda sehemu ya juu. Ramani ipakuliwe kabla. Na mtu mmoja aliyebaki Mtwara awe na majina, namba, njia na saa, akijua kwamba mpaka saa fulani bila simu yenu anampigia mtendaji wa kijiji, na akimkosa 112. Filimbi kila mtu shingoni, mara tatu maana yake nina shida.

mtoto_wa_chikongola

Wakuu nimeshiba. Nimekaa na wenzangu jana tumepanga upya hivi, tunalala kijijini siku mbili badala ya moja, siku ya kwanza jioni matembezi mafupi ya kuzoea, siku ya pili tunatoka kukipambazuka na kijana wa kijiji, saa nne popote tulipo tunakaa mpaka saa tisa na nusu au kumi, halafu tunarudi, jumla isizidi kilomita 12, na kuanzia sasa jumamosi zetu za Mikindani tunazihamishia saa tisa alasiri badala ya asubuhi ili miili ianze kuonja joto. Madumu tunatanguliza kwa boda. Fulana kweli zilikuwa nyeusi, tumebadilisha 😅

Yamebaki mawili. Yule mama niliyemtaja ana umri wa miaka 58 na anatumia dawa za presha, na jamaa mwingine ni mzima kabisa ila kila tukitembea anajifanya jeshi, hanywi maji mpaka mwisho. Na je nyoka akigonga mtu kweli, dada nesi?

nesi_masasi

Mama aende kwanza kwa anayemwandikia dawa, aseme naenda kutembea juani siku nzima na dawa zangu ni hizi. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, nyingine zinapunguza uwezo wa mwili kujipoza, na dawa zenyewe asiziache kwa uamuzi wake eti kwa ajili ya safari, hilo ni baya zaidi. Akiruhusiwa, afike mpaka kivuli cha kwanza na mwenzake mmoja, warudi kabla ya saa tatu, ataona kilima kwa mbali na picha atapiga.

Huyo mwanajeshi muangalieni mkojo, samahani kwa kusema. Ukiwa rangi ya majani ya chai mtu kashachelewa, na asiyekojoa kabisa tangu asubuhi mpaka saa tano ni mgonjwa hata kama anapiga pushapu. Mpangeni awe ndiye anayewakumbusha wengine kunywa kila robo saa, watu wa aina hiyo ukiwapa cheo wanatii wenyewe.

Nyoka: mtu atulie, kiungo kilichogongwa kisichezeshwe, mfungieni kijiti kama aliyevunjika, vueni pete na saa kabla hakijavimba, hakuna kuchanja, kunyonya, kufunga kamba wala kupaka mafuta ya taa. Abebwe mpaka pikipiki inapofika, akae katikati ya watu wawili, hospitali yenye dawa. Piga simu hospitali ya mkoa pale Lindi, Sokoine, KABLA ya safari, uliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo kwa sasa. Na kama ni nyoka wa kutema na kamtemea mtu machoni, suuza kwa maji mengi safi muda mrefu, usisugue.

mwera_wa_bondeni

Kilomita 12 sasa tunaongea. Ukishajua tarehe nitumie ujumbe wa faragha nikuunganishe na mtendaji, na mje na gari la juu juu, taksi za chini hizi mchanga wa huku unazimeza hata kiangazi, na nyie mtaanza kutembea kabla ya safari yenyewe. Madumu yawe yaliyokuwa na mafuta ya kula, yasiwe ya dizeli yaliyooshwa, boda wengine hawajali hilo, mkabidhini ya kwenu. Spika ya muziki kama mna mpango nayo ibaki garini, kiongozi wenu anahitaji masikio.

korosho_daraja_la_kwanza

Nafasi ya tisa ipo? Maji nitabeba lita tano, nesi asinitaje tena.